Dawa ya Kuongezea

Koboko nzima, kuanzia Oraba mpakani mpaka Ludara, hapakuwa na mwanamke aliyejua kupaka kisra kama Kadijah. Alilisema hilo mwenyewe, sokoni, kwa sauti ya kumfikia hata asiyeuliza, halafu, kabla mtu hajapata nafasi ya kubisha, akajikata maneno: "Waliojua kuliko mimi wamekufa. Wawili nilikwenda kuwapikia matanga yao, na kisra ikatoka mbichi. Marehemu hawakulalamika."

Kisra ni mkate wa mtama, mwembamba kiasi kwamba ukiuinua juu unaona jirani amepika nini. Uji wake huchachushwa kwa hamira, humwagwa juu ya bati la moto, na mpishi huusambaza kwa kipande cha jani la mvumo alichokishika kwa vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Mara moja, haraka, bila kurudia. Ukirudia umeshapika kitu kingine na ukitafutie jina. Kadijah aliifanya kazi hiyo miaka arobaini na miwili, na kwa vidole hivyo vitatu alikuwa ameishikilia nyumba nzima: marehemu mumewe Umaru alipokuwa hai, watoto kabla hawajatawanyika, na zaidi ya wote Aminah, mke mwenzake.

Aminah aliletwa pale miaka thelathini iliyopita, msichana wa Arua mwenye mashavu, na tangu siku ile hakuruhusiwa kugusa bati. Kusaga mtama, ruhusa. Kuchota maji, ruhusa. Kuosha masufuria, ruhusa kubwa. Umaru alipokufa wanawake wale wawili walibaki nyumba moja kwa sababu hakuna aliyekuwa na pengine pa kwenda, na bati likabaki kwa Kadijah. Wanubi wa Koboko walipokuwa na arusi walikuja kumwagiza yeye. Naye aliwaambia, Aminah akiwa hapo hapo amepiga magoti jikoni, "Huyu naye ni mtu mwema. Anapuliza moto vizuri sana. Mwenyezi Mungu alimnyima vingine akampa mapafu."

Wageni walicheka. Aminah alipuliza.

Basi mwezi wa Shaabani, watu wakiwa wanajiandaa kwa Ramadhani na maagizo yakiwa mengi, Kadijah alimwaga uji wa kisra nyuma ya jiko, akasahau kuufuta, akaukanyaga. Alianguka na mkono wa kulia chini yake. Alisema baadaye kwamba katika maisha yake yote kisra yake haikuwahi kuwa laini namna ile. Lakini wakati ule alikaa matopeni akautazama mkono uliokunjika pasipo na kiungo.

Hospitalini Koboko walipiga picha. Mifupa yote miwili ya chini ya kiwiko ilikuwa imekatika, na vipande vilikuwa vimepandana. Plasta peke yake isingetosha, wakasema; ungehitajika upasuaji, chuma na skrubu, na hayo yalipatikana Arua. Kadijah aliuliza jambo moja tu: mkono utapaka tena? Wakamwambia, ukifungwa vizuri, utapaka.

Wakashuka Arua, yeye na Aminah, kwenye hospitali ndogo ya upasuaji upande wa Onduparaka, kule ambako siku za mpira hata wagonjwa wa kitandani wanajua magoli mangapi. Kwenye benchi la nje walikaa wanawake wengine watano. Kadijah hakuweza kukaa na wanawake watano akanyamaza. Mkono ulikuwa unamuuma mpaka kwenye meno, na akiumwa ulimi wake ndio hunolewa.

"Na huyu ni mdogo wako?" mmoja aliuliza, akimwangalia Aminah aliyekuwa ameshika mfuko wa kijani wa nguo.

"Huyu ni mke mwenzangu. Nimemleta kubeba mfuko."

"Atakupikia sasa, mama, mpaka upone."

"Huyu? Huyu miaka thelathini ameshindwa kupika mpaka mume akafa akitafuta njia ya kutokea."

Benchi zima lilicheka. Hata mmoja aliyekuja kutolewa jiwe tumboni alicheka, akishika ubavu. Aminah naye alicheka kidogo, kama mtu anayelipa nauli, kisha akautazama mfuko wake mpaka Kadijah alipoitwa ndani.

Ndani palikuwa na baridi, na kijana mmoja mrefu mwenye kofia ya kitambaa. Alikuwa Mlugbara wa Adumi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, kama cha Kadijah mwenyewe alipozungumza na wasio Wanubi.

"Mama, mimi naitwa Ondoga. Mimi ndiyo mutu ya kulalisha mkono."

"Mkono tu? Na mimi je?"

"Wewe utabaki macho. Unaweza kupiga hadithi."

"Basi umepata hasara, baba."

Ondoga alicheka. Alimweleza kwamba kifua chake, alivyokisikiliza, kilikuwa kinalia kwa moshi wa miaka mingi, na nusukaputi haingekuwa nzuri kwake. Angechoma sindano juu ya mtulinga, pale mishipa ya mkono inapopita, na mkono peke yake ungekufa ganzi. Angeangalia njia kwa mashine ya picha, ile ile inayotazama tumbo la wajawazito.

"Usinikute na mimba," Kadijah alisema. "Mume amekufa, watu watauliza maswali."

"Kuna maneno ingine, mama. Juu ya dawa. Mimi nataka kuongeza—"

"Baba, mimi iko na njaa, mkono yangu iko vipande, na wewe unanisomea kama mwalimu. Maneno mingi enda ukamwambie ile mwenye mfuko ya kijani. Ile kazi yake ni kusikia."

Ondoga aliitikia kwa kichwa. Sindano iliingia, ikauma, ikaacha kuuma. Joto lilishuka begani, likapita kwenye kiwiko, na nyuma yake vidole vikaanza kuondoka kimoja kimoja, kama wageni wanaotoka bila kuaga. Daktari Obitre, mpasuaji, aliingia na vyombo vyake, wakaweka shuka katikati ili asione, na kwa muda wa saa nzima na zaidi Kadijah alisikia kazi ya fundi wa milango ikifanyika mwilini mwake huku yeye akiwasimulia habari za arusi aliyolishia watu mia tatu. Hakusikia maumivu hata chembe. Walipomaliza alimwona Ondoga akivua kofia, akifungua mlango, akitoka kwenda upande wa benchi.

Vitanda vilikuwa vichache. Daktari Obitre alisema aende akalale kwa jamaa, arudi kesho yake baada ya adhuhuri. Jamaa walikuwepo: Mama Nasuru, binamu yake Aminah, aliyekaa mjini hapo hapo. Kadijah alilazwa kwenye chumba cha mbele, mkono umefungwa plasta nusu kwa chini na bendeji juu, ncha za vidole zikichungulia nje, zimepauka na nzito.

"Yule kijana alisema mkono utaamka lini?" aliuliza.

Aminah alikuwa anakunja nguo. Alizikunja zote mpaka ya mwisho.

"Magharibi."

"Mwanzo wa magharibi au mwisho?"

"Magharibi tu, dada."

Magharibi ikaingia. Kadijah aliuangalia mkono, akauamuru ufanye hivi na vile, mkono ukakaa kimya. Aliuinua kwa mkono wa kushoto akauweka mapajani. Ulikuwa mzito kama mtoto wa mtu aliyeachwa kwako ukiwa na haraka. Aliubana. Alikuwa anabana nyama ya mtu mwingine. "Umechelewa njiani," aliwaambia, nao walicheka. Isha ikaingia, akaurudia utani ule ule, na safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye.

Alfajiri alishindwa kutawadha. Alikaa juu ya mkeka na kopo la maji mbele yake, mkono wa kulia umelala pembeni, na akalia. Aminah hakuwa amemwona akilia tangu Umaru alipotolewa nyumbani. Alisimama mlangoni akiwa na kanga kichwani, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema," Kadijah alimwambia. "Umefurahi. Sema."

"Sijafurahi."

"Wamenikata mshipa, Aminah. Wale vijana wamekata mshipa wakafunika na bendeji. Alisema magharibi. Magharibi ya juzi au ya mwakani?"

"Tungoje mpaka mchana, dada."

"Mchana kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nasema tu."

"Wewe miaka thelathini unasema tu."

Mama Nasuru alisikia kilio akaja, naye hakuwa mtu wa kungoja. Kwao, mzazi akitoka kujifungua hufukizwa. Bibi arusi hufukizwa. Mtu aliyepigwa na baridi hufukizwa. Kiungo kilicholala, alisema, damu yake imegeuka uji, na uji huamshwa na moto. Alileta chetezo cha udongo, kile kikubwa cha arusi, akakijaza makaa, juu yake magome ya mti wa talha, juu yake tena udi. Moshi ulipopanda wakakiweka pembeni ya mkeka, wakauegemeza mkono wa Kadijah kwenye mto ili vidole vining'inie juu yake, wakafunika vyote kwa kanga mbili ili moshi usipotee.

"Dada," Aminah alisema, "tungoje kidogo."

"Nenda kanunue maziwa," Kadijah alimwambia. "Huo ndio msaada wako."

Aminah alichukua birika. Alikaa mlangoni muda mfupi akiwa na birika hilo mkononi, kisha akaenda.

Waliobaki walisoma walichojua kusoma. Mama Nasuru aliongeza udi, akaongeza tena. Chumba kikajaa harufu ya arusi. Kadijah alifumba macho akausikilizia mkono wake, kama mtu anayesikiliza kama mgeni wa chumba cha pili ameamka. Hakusikia joto. Hakusikia baridi. Hakusikia kwamba mto ulikuwa unateleza kidogo kidogo, wala kwamba kifundo kisicho na nguvu kilikuwa kimeshuka.

Aminah alirudi na maziwa. Kizingitini alisimama.

"Mnachoma nini?"

"Udi," Mama Nasuru alisema.

"Huu si udi."

Birika lilianguka. Aminah alizivuta kanga zote mbili kwa mpigo mmoja, na wote watatu wakaona vidole vitatu vya Kadijah, gumba, cha shahada na cha kati, vimelala juu ya makaa kana kwamba vimewekwa pale viive. Mama Nasuru alipiga ukelele. Kadijah hakupiga. Alivitazama vidole vyake vikiondolewa, vyeusi kwenye ncha, ngozi ikibaki nyuma kwenye kaa, na alichosema, kwa mshangao, karibu kwa kucheka, ni: "Haviumi."

Saa nne asubuhi mkono uliamka. Uliamka kama alivyotaka, wote, kuanzia begani hadi kucha. Majirani wa Mama Nasuru waliokuwa nyumba ya tatu walidhani kuna msiba.

Baada ya hapo Kadijah alikuwa na kazi moja. Ramadhani ikaja, ikapita, na yeye hakuwa na bati. Alikuwa na ulimi tu, na aliutumia wote kwa Ondoga. Sokoni Koboko alimwita mchinjaji. Kwenye matanga alisimulia kisa hicho mpaka wafiwa wakasahau wamefiwa na nani. Alisema kijana yule alimdanganya mchana kweupe, alimwambia magharibi akamlaza mpaka kesho yake, na kwamba watu wa Adumi wasipewe sindano hata ya kushonea gunia. Watu walimhurumia. Aminah alimlisha kwa mkono wake, akamwosha, akamfunga kidonda asubuhi na jioni, akamfunga kanga, akamsuka nywele. Kadijah aliwaambia wageni, "Sasa huyu amepata cheo," na Aminah aliendelea kusuka.

Mwezi mmoja na nusu baada ya kuungua akapeleka malalamiko Arua. Daktari Obitre aliwaita wote kwenye ofisi yake: Kadijah, Aminah na Ondoga. Ondoga alikuwa amevaa shati jipya, lenye mikunjo ya dukani bado.

"Eleza," daktari alimwambia.

Ondoga alieleza. Dawa ya ganzi peke yake ingemaliza nguvu jioni ile ile. Yeye aliongezea nyingine ndani yake, deksa, kiasi kidogo tu, na ile deksa huifanya ganzi ikae, mara nyingine mpaka kesho yake. "Mama, mutu anapasuliwa, anaenda nyumbani, jioni dawa inaisha, analia usiku mzima. Dawa ya kumeza ya maumivu haitoshi. Mimi nataka mutu alale. Ni kwa sababu ya huruma naongeza."

Kadijah alilielewa jambo hilo mara moja, kuliko walivyodhani. Miaka arobaini na miwili alikuwa akitia kijiko kimoja cha hamira kwenye pipa la uji, na kijiko hicho ndicho kinachoamua kisra itakuwa tayari lini.

"Ulitia hamira bila kusema," alisema.

"Nilisema, mama. Wewe ulinifukuza, ulisema nimwambie mwenye mfuko. Nilitoka, nikamwambia. Mkono utalala mpaka kesho mchana, usiogope, usikaribie moto, usikaribie maji ya moto, beba mkono kama mtoto. Yote nilisema."

Daktari Obitre alimgeukia Aminah. "Mama, huyu alikuja kwako?"

"Hapana," Aminah alisema.

"Mama!" Ondoga alisema. "Si nilisimama na wewe? Ulikuwa na mfuko ya kijani."

"Mifuko ya kijani iko mingi. Habari ya magharibi niliipata kwa watu wa benchi. Wakati ule ilikuwa adhuhuri. Mimi nilikwenda kuswali."

Alilisema polepole, akiangalia sakafu, na nani angembishia mwanamke mzima aliyekwenda kuswali? Kadijah mwenyewe ndiye aliyepiga meza kwa mkono wa kushoto. "Umesikia! Huyu nimekaa naye miaka thelathini. Hajui kupika, lakini hajui na kusema uongo. Hana akili ya kutosha."

Daktari alifungua faili. Kwa mwandiko wa Ondoga palikuwa pameandikwa: jamaa ameelezwa. Bila jina, bila sahihi.

"Jamaa yupi?" daktari aliuliza. "Jamaa hana jina?"

Ondoga alipewa barua ya onyo na kuondolewa tiata, chumba cha upasuaji. Akawekwa mlangoni kuandika majina ya wanaoingia. Kadijah alipotoka alimpita pale kwenye meza yake mpya. "Andika vizuri," alimwambia. "Usiongeze kitu." Alirudi Koboko akiwa ameshinda, na usiku ule alikula vizuri kwa mara ya kwanza.

Kisra aliyokula ilikuwa ya Aminah.

Hilo ndilo jambo ambalo hakuwasimulia watu wa sokoni. Maagizo hayakuweza kungoja vidole. Arusi moja ilikuja, wenyewe wakakata tamaa, wakamwomba Aminah ajaribu, na Aminah akakaa mbele ya bati akashika jani la mvumo kwa vidole vitatu. Mara moja, haraka, bila kurudia. Miaka thelathini alikuwa akitazama kutoka upande wa moshi, na macho yake yalikuwa yamejifunza kila kitu. Kisra ilitoka nyembamba. Kadijah aliiinua juu ya uso wake aangalie kasoro, akamwona Aminah upande wa pili, akitokwa jasho, akimwangalia.

"Chumvi imezidi kidogo," Kadijah alisema. Chumvi haikuwa imezidi.

Arusi ya pili hawakumuuliza Kadijah kabisa. Walikuja moja kwa moja jikoni. Na siku hiyo Kadijah aliinama akapuliza moto, kwa sababu mkono mmoja unatosha kwa kupuliza moto, na kifua chake kikalia mpaka jioni.

Kidonda kilipofunga, kovu likavuta. Gumba likajikunja kwenye kiganja, na vidole viwili vikalifuata, ukabaki mkono wa kushikia fimbo tu. Mifupa ilikuwa imeunga vizuri, picha ilionyesha. Chuma cha daktari hakikuwa na kosa. Daktari Obitre alisema angeweza kulikata kovu, kuvinyoosha vidole, na kuvibandika ngozi ya pajani.

"Vitapaka?" Kadijah aliuliza.

"Tukifanya sasa, vitapaka. Tukingoja, hapana."

"Basi sasa."

"Kuna jambo. Nusukaputi kwa kifua hiki siitaki. Lazima ganzi ya mkono. Na wa ganzi ya mkono hapa ni mmoja tu."

Kadijah alivitazama vidole vyake vilivyokunjika, akawaza habari ya Aminah mbele ya bati, na mwanamke aliyekuja kuagiza akimpita yeye uani kama anapita mtungi.

"Mwite," alisema. "Lakini Aminah aingie ndani. Kila neno lisemwe mbele yake. Safari hii nataka shahidi asiyeswali."

Ondoga alitolewa mlangoni akavikwa tena kofia yake. Hakumtania Kadijah, wala Kadijah hakumtania. Kwenye chumba cha pembeni ya tiata Kadijah alilazwa, uso umegeuzwa upande, shingo wazi. Aminah alisimama upande wa miguu ya Kadijah, amevalishwa joho la kijani, mikono imeshikana, midomo ikienda bila sauti. Alikuwa amekonda katika miezi ile. Kadijah alikuwa ameiona hali hiyo, akadhani ni kazi ya bati.

"Mama zote mbili, sikilizeni," Ondoga alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufundishwa adabu. "Leo dawa ni moja tu. Haina kitu cha kuongeza. Jioni mkono itaamka. Itauma, na nitakuwepo na dawa ya kumeza. Daktari amesikia?"

"Nimesikia," daktari Obitre alisema kutoka kwenye beseni alikokuwa ananawa.

"Mama amesikia?"

"Nimesikia," Kadijah alisema. "Acha uniume. Nitajua upo."

Ondoga aligeukia sinia. Muuguzi wa asubuhi alikuwa amelipanga kwa mazoea ya zamani: chupa ya ganzi, mabomba ya sindano, pamba, na pembeni kichupa kimoja cha kioo, kidogo kama kokwa ya tende, cha kuvunjwa shingo. Ondoga alivuta ganzi kwenye bomba mpaka ikafika mstari. Kisha akakiona kile kichupa kidogo. Alikichukua kwa vidole viwili ili akirudishe kwenye boksi lake.

"Wacha!"

Aminah alikuwa ameshika mkono wake. Joho lilikuwa limemteleza begani, na kichupa kilikuwa kati ya vidole vyao.

"Hiyo hapana! Usimtilie hiyo tena, baba, nakuomba! Hiyo ndiyo ulinionyesha pale mlangoni!"

Maji kwenye beseni yaliacha kutiririka. Daktari Obitre alikuwa amefunga bomba, anageuka, mikono ikidondosha. Ondoga alimwangalia mwanamke aliyemshika mkono, akakiangalia kichupa, ambacho siku ya kikao hakuna aliyekileta wala kueleza kilivyo, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshinda siku nyingi mno baada ya kushindwa.

Aminah aliuachia mkono wake. Alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, mpaka akagusa ukuta.

Kadijah aliigeuza shingo aliyoambiwa asiigeuze.

"Mlango upi, Aminah?"

"Dada, nilikuwa naogopa tu. Nimesema ovyo."

"Ulijua mpaka mchana. Asubuhi ile uliniambia tungoje mchana. Ulijua."

"Benchi zima lilinicheka," Aminah alisema. Alijifuta uso kwa joho. Aliangalia mlango wa chumba, akamwangalia daktari, akamwangalia Ondoga, na alipomaliza kuwaangalia wote alirudi pale pale alipoanzia, kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

"Mimi nilikwenda kuswali," alisema.